Njia ya Mida: shajara ya msimu mmoja, kusi hadi kusi

Julai, kusi, upepo wa kusini, bado kali

Kazi ya mbao kwenye njia ya kikundi chetu imekwisha. Sasa mtu anaweza kutembea kutoka kwenye mibuyu hadi kibanda cha kutazamia ndege bila kulowa: kwanza kipande cha mchanga, halafu daraja la mbao katikati ya mikoko, kisha ukingo wa tambarare za tope hadi ule ulimi wa mchanga mwishoni.

Kwa wasioijua Mida, hii ni hori ya bahari katika Kaunti ya Kilifi, nyuma ya Watamu. Imo ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilizotangazwa mwaka 1968, na tangu 1979 eneo hili ni hifadhi ya bayongahewa inayotambuliwa na UNESCO. Hakuna mto unaoingia humu. Maji baridi yanayoipa mikoko nafuu huja chini kwa chini, yakichuja ardhini kutoka upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke, ng'ambo ya barabara ya Mombasa na Malindi. Nimesisitiza hilo liandikwe kwenye ubao wa kwanza kabisa, kabla ya picha ya ndege yeyote. Anayekata mti kule juu anagusa kaa wa huku chini, na mgeni anapaswa kulijua hilo akiwa bado hajakanyaga daraja.

Nguzo zote ni za mvinje, zimenunuliwa kwa wakulima wa hapa hapa. Mkoko hatukuugusa. Misitu ya mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa misitu ya serikali mwaka 1932, na hata pasingekuwa na sheria, njia ya kuwaonyesha watu mikoko isingefaa kusimama juu ya mikoko iliyokatwa. Mvinje hauvumilii maji ya chumvi kama boriti za mkoko, kwa hiyo fundi mmoja wa madau alituelekeza tupake sifa, yaani mafuta ya papa, mara kwa mara, hasa pale maji yanapopanda na kushuka. Harufu yake itakaa wiki kadhaa. Wageni watazoea.

Mbao ilikuwa sehemu nyepesi. Sehemu nzito inaanza sasa: kuifanya njia iende na maji. Njia za umma nyingi hufunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, basi. Mida haikubali hivyo. Hori hii hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na ndege hula na kulala kwa ratiba hiyo, mchana na usiku. Mtu akija saa isiyofaa ataona tope tupu na kurudi akisema hakuna kitu. Au atafika saa mbaya zaidi, awafukuze ndege mahali pekee walipobakiwa napo.

Agosti, kusi linaanza kulegea

Wamefika. Vitwitwi wa kwanza walikuwa mbali, karibu na mkondo, lakini kwa darubini yule mwenye mdomo mrefu uliopinda chini alijulikana mara moja. Kitaalamu ni Calidris ferruginea. Kifuani alikuwa bado na mabaka ya rangi ya tofali, masalio ya vazi la harusi.

Ndege huyu ana uzito wa gramu 60 hivi na anatoka tundra ya Siberia. Madume hawaatamii mayai. Wakishapandisha huondoka mapema Julai na kuwaachia majike kazi yote. Ndiyo maana wa kwanza kufika kwetu ni madume, kisha majike, na mwisho kabisa, Septemba na Oktoba, wale walioanguliwa mwaka huu. Wachanga hawa husafiri bila wazazi. Hakuna aliyewaonyesha Afrika iko wapi, nao wanafika.

Idadi yao hutegemea kitu ambacho hakuna mtu wa Mida amewahi kukiona: panya wadogo wa tundra waitwao lemingi. Lemingi wakiwa wengi, mbweha wa kule hushiba hao na kuyaacha mayai ya ndege. Lemingi wakipungua, mbweha hugeukia viota, na Oktoba yetu huwa na vijana wachache. Nimewaeleza wanakikundi jambo hili chini ya mwarobaini, na kimya kilichofuata kilinipa moyo. Tumekubaliana liwe na ubao wake.

Pia wamerudi wale weusi kwa weupe wenye mdomo mnene, Dromas ardeola. Sisi kwenye kikundi tunamwita mla-kaa, kwa sababu ndiyo kazi yake. Kwangu mimi huyu ndiye mwenye Mida. Huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya Oman, Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia, na hutaga yai moja tu, jeupe, ndani ya shimo analochimba mchangani. Hakuna ndege mwingine wa pwani wa jamaa hii anayechimba shimo la kuatamia. Joto la mchanga humsaidia kulitunza yai, kwa hiyo mzazi anaweza kuliacha kwa muda akatafute kaa.

Tofauti na kitwitwi wa Siberia, mtoto wa mla-kaa husafiri na mzazi wake. Leo tumemtazama mmoja mwenye mgongo wa kijivu, mkubwa karibu sawa na mama yake, akimfuata nyuma hatua kwa hatua na kulilia chakula. Mama alimvunja kaa miguu, akampa. Mtoto amevuka bahari kwa mbawa zake mwenyewe na bado anataka kulishwa! Watoto wetu watakapoliona hili, hawatalisahau.

Oktoba, matlai, upepo wa kati ya kusi na kaskazi

Ubao wa maji umekamilika. Ndio moyo wa mradi huu, kwa hiyo naueleza kwa urefu.

Kwenye pwani hii, siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa kabisa mnamo saa kumi alasiri. Siku za maji mafu, za nusu mwezi, huwa kinyume: saa nne asubuhi maji yamejaa, na yakijaa hayapandi sana. Kati ya hapo, kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Kila mvuvi wa Mida anaijua hesabu hii kichwani. Mgeni kutoka Nairobi, na hata kijana aliyezaliwa Watamu mjini, mara nyingi haijui.

Maji yakipwa, tambarare huwa kubwa mno na ndege hutawanyika hadi huwezi kumtofautisha kitwitwi na kokoto. Yakianza kujaa, ukingo wa maji huwasogeza taratibu kuelekea nchi kavu. Hula wakirudi nyuma, wakirudi nyuma, mpaka wanakuwa mbele ya kibanda. Saa mbili za mwisho kabla ya maji kujaa ndizo za kutazama. Kwa hiyo ubao unasema: bamvua, njoo saa nane alasiri, maji mafu, njoo saa mbili asubuhi. Kuna kipande cha mbao kinachosogezwa kila siku kuonyesha maji ya leo, na chini yake picha ya mwezi, ili hata asiyejua kusoma aelewe.

Maji yakishajaa, mambo hubadilika. Siku za bamvua kubwa tambarare zote hufunikwa. Ndege waitwao sululu hupanda kwenye matawi ya mikoko na kukaa humo. Wasiopenda matawi hubanana kwenye ule ulimi wa mchanga mwishoni mwa njia yetu, mguu mmoja umekunjwa, mdomo umefichwa kwenye manyoya ya mgongo. Hapo hawali. Wanapumzika na kusubiri maji yageuke. Ukiwatimua, hawana pengine pa kwenda. Watazunguka hewani wakichoma mafuta waliyoyatafuta tangu asubuhi.

Ndiyo maana nimependekeza kipande cha mwisho cha njia kifungwe kwa kamba saa moja kabla na saa moja baada ya maji kujaa. Kibanda kitabaki wazi, kwa sababu ndani ya kuta zake za makuti ndege hawatuoni. Wengi wamekubali. Wawili wamesema njia iliyofungwa haileti kiingilio. Nimewasikia, na hofu yao ni ya kweli: pesa ya mlangoni ndiyo inayonunua mbao na kulipa karo ya watoto tuliowachagua. Lakini njia hii bila ndege ni daraja la kwenda topeni, na hakuna atakayelipia hilo.

Mzee mmoja anayetega kaa upande wa Kirepwe alipita, akausoma ubao kwa kidole, akaniambia: "Mwanangu, mmeandika vizuri. Lakini ongezeni kwamba upepo ukiwa mkali maji huja mapema kidogo na hukawia kuondoka." Tumeongeza.

Novemba, vuli

Mvua. Daraja lina utelezi, tumefunga chandarua cha waya kwenye mbao za mteremko.

Keremkerem wekundu wameanza kulala mikokoni. Wanatoka bara mnamo saa kumi na mbili kasorobo, makundi kwa makundi, na kutua juu ya mikoko mpaka vilele vinawaka. Wakati huu ndio wa kuwaleta wazee wasioweza kutembea mbali: wanawaona kutoka mwanzo wa daraja, wakiwa wamekaa kitini.

Desemba, kaskazi

Kaskazi limeingia, bahari ni tulivu, na likizo imejaza Watamu. Wageni wengi ni wa ndani ya nchi, familia nzima na bibi yao, na hilo linanifurahisha kuliko basi lolote la watalii. Mama mmoja kutoka Thika alikaa kibandani mpaka maji yakageuka. Wanawe walitaka kwenda kuogelea. Yeye aliwaambia, "Ngojeni, nataka kuona huyu mwenye mdomo mrefu atafanya nini."

Shida imetoka majini, wala si njiani. Vijana wanaokodisha kayaki na zile mbao za kupigia kasia wima huwaleta wageni maji yakiwa yamejaa, kwa sababu maji yakipwa hakuna pa kuelea. Na ule ulimi wa mchanga ndio mahali pazuri pa kushuka na kupiga picha. Alasiri ya bamvua niliona kundi zima likiruka kwa mkupuo mmoja, wala-kaa, vitwitwi, buabua, likazunguka, likajaribu kutua, likaruka tena mtu aliposimama na simu. Walizunguka hivyo mpaka nikaacha kutazama na kwenda kuzungumza na yule aliyewaleta wageni.

Hakuwa na ubaya wowote. Aliniuliza, "Dada, kwani ndege si wana mbawa?" Swali hilo linastahili jibu, na jibu ni uzito wao. Ndege wa gramu 60 hana akiba ya kupoteza. Nilimwomba aje kwenye mkutano pamoja na wenzake, na si kuja kupewa amri, bali tuchore njia yao ya majini kama tulivyochora ya miguu.

Januari, kaskazi

Mkutano umefanyika, mrefu na wenye kelele, chai na mahamri vimeisha kabla ya ajenda ya pili. Walikuja vijana wa kayaki, watega kaa, akina mama wanaopika kwenye mkahawa wa ufukweni, na mwalimu wa sayansi. Niliweka mchele sakafuni kuwa tambarare na kanga iliyokunjwa kuwa maji, nikaisogeza kanga polepole mpaka punje za mwisho zikabanwa ukutani. Sikuhitaji kueleza zaidi.

Makubaliano: kayaki zitapita mkondo wa kati na kushuka upande wa pili, kwenye ufukwe ambao ndege hawaulali. Ulimi wa mchanga hautashukwa maji yakiwa yamejaa kuanzia Agosti hadi mwisho wa Aprili. Badala yake, vijana watakuwa na safari mpya, ya kuingia na maji yanayojaa na kuelea kimya katikati ya mikoko. Mmoja wao ndiye aliyebuni safari hiyo. Tayari anaiuza kwa bei ya juu kuliko ile ya zamani, na nadhani ana haki.

Mwezi huu pia ni wa hesabu ya ndege wa majini, ambayo Makumbusho ya Taifa na Nature Kenya huiratibu nchini. Vijana wawili wa kayaki wamejitokeza kubeba watu wa kuhesabu. Wamejifunza kutofautisha vitwitwi haraka kunishinda, maana macho yao yamezoea mwanga wa majini.

Februari

Tarehe 2 ni Siku ya Ardhioevu Duniani, ukumbusho wa mkataba uliotiwa saini Ramsar, Iran, mwaka 1971. Hori yetu haimo kwenye orodha ya Ramsar. Delta ya Tana, kaskazini kwetu, iliingia mwaka 2012. Hilo halikutuzuia kusherehekea.

Shule ziliingia kwa zamu, zikifuata maji. Tuliwagawa watoto: wengine kwenye mizizi ya mkoko, wengine kwenye mchu, ule unaochomoza vijiti vya kuvutia hewa kutoka topeni, wengine kibandani. Nilishangaa kwamba wengi, waliozaliwa mwendo wa nusu saa kutoka hapa, walikuwa hawajawahi kukanyaga ukingo huu. Wameambiwa ni mahali pa wageni. Msichana mmoja alinishika mkono akauliza, "Shangazi, na sisi tunaruhusiwa kuja siku ambayo si ya shule?" Jibu limeandikwa langoni tangu jana: wakazi wa Mida, Dabaso na Uyombo, watoto hawalipi, siku zote.

Akina mama wa Gazi, Kwale, wana daraja lao la mikoko miaka mingi sasa, na wanaliendesha wenyewe. Tumewaomba ushauri kuhusu kuwapa wanakijiji nafasi ya kwanza. Tutawatembelea masika yakipita.

Machi, kaskazi linakufa

Huu ndio mwezi ninaoutetea kuliko yote, na kwa bahati mbaya ndio ambao wageni huuliza kwa nini tumefunga kamba mapema.

Ndege wanajiandaa. Kitwitwi wa Siberia anakula saa zote maji yanapomruhusu, mchana na usiku, na kifua chake kinageuka kutoka weupe hadi wekundu wa tofali siku hadi siku. Ndege wengine, wale wa mchangani wenye mdomo mfupi mnene, wanapata mshipi wa rangi ya kutu shingoni. Miili inajaa. Mafuta hayo ndiyo nauli: asiyeyapata ya kutosha atakwama njiani, au atafika tundra amechelewa, na msimu wa kuzaa kule ni mfupi mno kusamehe uchelevu.

Mwaka 2024 kitwitwi wa Siberia alipandishwa kwenye orodha nyekundu ya dunia, ile ya viumbe wanaotishiwa kutoweka, kutoka kundi la waliokaribia hatari hadi kundi la walio hatarini. Aliyehesabiwa salama miaka yote, yule kitwitwi mkubwa wa kijivu mwenye kwapa jeusi, alipandishwa naye pia mwaka huo huo. Sisi hatuwezi kuzuia yanayofanyika kwenye tope la nchi nyingine watakakotua. Ulimi huu wa mchanga tunaweza.

Kwa hiyo kuanzia bamvua ya mwezi mwandamo tumerefusha muda wa kamba: saa mbili kabla na saa mbili baada ya maji kujaa. Wale wawili waliokuwa na wasiwasi wa kiingilio sasa ndio wanaosimama kwenye kamba. Mmoja huwapa wageni darubini na kuwaambia, "Karibuni hapa hapa, mtaona vizuri zaidi kuliko mkisogea." Na kweli wanaona.

Aprili, matlai kuelekea masika

Wanaondoka jioni. Kabla ya jua kuzama makundi huanza kuitana, hupanda juu, hushuka, hupanda tena, na safari hii hawarudi. Kikundi kimoja cha wala-kaa kimeelekea kaskazini kikifuata ufukwe. Wengine wa familia hiyo bado wapo.

Nimewapigia walimu wa shule zote zilizokuja Februari. Watoto waliowaona ndege wakiwa weupe walitakiwa wawaone wakiwa wekundu. Shule moja imekuja. Mwakani nataka ratiba ya shule iwe na safari mbili tangu mwanzo, moja Oktoba na moja mwanzoni mwa Aprili kabla ya likizo.

Mei, masika

Njia imefungwa kwa matope. Nguzo zinashikilia.

Juni, kusi

Tope linaonekana tupu kwa mtazamo wa kwanza, lakini si tupu. Vitwitwi wachache wa mwaka wa kwanza wamebaki, wa kijivu, hawana vazi la harusi, kwa sababu hawajafikia umri wa kuzaa na safari haina maana kwao. Wala-kaa vijana wapo pia. Yangeyange wapo, na kaa wadogo wenye mkono mmoja mkubwa wanapungiana kama kawaida. Tunaandika ubao wa kusi ili mgeni wa Juni asiambiwe "njoo Desemba."

Nguzo za karibu na mkondo zimeanza kutobolewa na wadudu wa baharini, chini ya mstari wa maji ya kupwa. Hizo zitabadilishwa kabla ya mwisho wa Julai. Mvinje tayari umeshakatwa na unakauka shambani. Kibanda kinahitaji makuti mapya upande wa kusi. Kijana wa safari ya mikokoni amechora ramani ya mkondo kwa mkono, na mwalimu wa sayansi ataichapisha kwa Kiswahili na Kigiriama. Kamba ya mwisho wa njia tumeikunja na kuiweka kibandani, pamoja na jedwali la maji la Agosti ambalo tayari limeshawekwa alama za siku za bamvua.